Molibdeni Yangu na Majivu ya Mama Marsiana

Jumatatu, 1 Machi 1976
Maharage ya shamba la ujamaa bado manjano. Kijiji kizima kina wasiwasi: hakuna mboga, hakuna mbegu ya mwakani. Bahati yao wana bwana shamba kama mimi, Andwele! Dawa nimeshaijua: molibdeni, madini ambayo maharage huyahitaji kidogo tu ili yawe ya kijani. Chumvi nyeupe, inayeyuka majini bila hata kuacha rangi. Mwenyekiti, Mzee Eustaki, akauliza atawaambiaje watu kwamba maji matupu ni dawa. Hoja duni. Nitaijibu kisayansi: nitayatia rangi.

Jumatano, 3 Machi
Nimeweza! Nimetia maji ya betri ya gari, ile tindikali kali, kwenye maji ya molibdeni, kisha kipande cha zinki nilichobandua kwenye betri ya tochi. Buluu! Buluu ya kifalme! Mke wangu Fransiska akasema shati langu limetoboka. Hajui kutofautisha tundu na elimu.

Ijumaa, 5 Machi
Mkutano wa kijiji. Nikatumbukiza zinki, maji yakawa buluu, watu wakashangilia. Nikaona ni vyema kuwaeleza maisha yangu chuoni. Dakika arobaini tu. Zinki nikaisahau ndani. Nilipogeuka, buluu imekwisha. Maji ya kijani. Kisha kahawia! Mama Marsiana, mkulima wa bonde la pili, akasimama. “Bwana shamba, mwanangu, hiyo chai ina sukari?” Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Akaongeza kwamba maharage yake ni ya kijani kwa sababu hutia majivu kwenye matuta. Majivu! Nikamwambia hayo ni ya kusugulia masufuria.

Jumamosi, 6 Machi
Nimemwagia mstari mmoja wa maharage maji yangu ya kahawia, wote waone.

Jumapili, 7 Machi
Wameona. Mstari umeungua wote. Mzee Eustaki ameagiza majivu kutoka kila jiko. Nimefungua kitabu changu cha chuo. Kumbe udongo mchachu huing'ang'ania molibdeni iliyomo ndani yake tayari, mizizi isiipate. Majivu hupunguza uchachu, udongo ukaiachia. Nikaona haya kwa muda. Muda mfupi.

Jumapili, 28 Machi
Shamba lote kijani! Wanakijiji wamempa Mama Marsiana jembe jipya na vigelegele. Mimi nimempa mkono, kwa heshima. Kisha nikaketi, nikamwandikia Bwana Kilimo wa mkoa kurasa sita juu ya uvumbuzi wangu wa majivu. Kesho asubuhi nakwenda kwa Mama Marsiana, nikamfundishe namna ya kuyatumia.