Ombi la Kona ya Kununia Huko Angani

Ndugu Mkuu wa Ofisi ya Makazi ya Angani,

Pokea salamu za mtu aliyeishi majuma kadhaa ndani ya vyumba vyenu vya mfano, kule nyuma ya karakana, na bado ana akili timamu. Mke wangu, fundi wa mabomba, mmemchagua akaishi huko juu. Mimi mmenipa hadi Ijumaa niamue kama nitafuatana naye. Siamui lolote mpaka mrekebishe haya:

1. Vyumba vyote vina pembe sita na vyote ni sawa. Mhandisi wako anajigamba kuwa umbo moja likirudiwa, hakuna nafasi inayopotea. Kweli, nafasi haipotei. Wanapotea watu. Juzi niliingia chumbani, nikaketi mezani, nikawafokea watoto kwa kula ovyo na kuwaamuru wakaoge. Walikwenda mara moja, bila kunung'unika. Hapo ndipo nilipojua si wangu.

2. Kuta sita ni majirani sita. Nikimnunia mke wangu, wa kushoto wananong'ona. Nikimwomba radhi, wa kulia wanapiga makofi. Hata mfungwa huachiwa anune kwa faragha.

3. Kabati langu la vitabu halikai kwenye kona yoyote. Nilipolalamika, mhandisi alinijibu, "Mzee wangu, si upunguze vitabu?" Nimesoma historia ya kutosha kujua watawala wanaoanza na swali hilo huishia wapi.

4. Wakaao vyumba sawa huanza kufanana. Wanaume wa safu yetu sasa tunakohoa kwa pamoja. Kesho mtatutaka tupige kura sawa, tuzeeke sawa, na tufe kwa zamu ili tusiwaharibie mchoro. Nyumbani kwako nimepita, ndugu. Una roshani mbili, na hazifanani.

Kwa hiyo kila familia ipewe umbo lake. Sisi tupeni pembe tano na kona moja ya kununia. Vyumba visiposhikana, vielee kila kimoja kivyake, na hewa ijitafutie njia.

Nisalimie wahandisi wote, walinzi wa lango, na yule mama wa mapokezi, mtu pekee hapo kwenu anayejua kucheka.

Ni mimi, nisiyekubali kupangwa,
Mume wa fundi wa mabomba

Nyongeza: Mke wangu ameisoma barua hii, akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akarudi kufunga mizigo. Anafunga yake tu. Niandikishe kwenye orodha ya safari, ndugu yangu, leo hii. Chumba chochote, mradi yumo.