Mkwe Aliyeusoma Moshi wa Gari Langu

Lokaale Adome,
Mchuuzi wa samaki,
Lodwar.

Kwa Mzee Mayen,
Kakuma.

Mzee wangu Mayen,

KUH: KIJANA WAKO MAJOK NA HESHIMA YA GARI LANGU

Ejok, kama tunavyosalimiana huku kwetu. Nakuandikia kwa heshima zote, tena kwa kalamu, kwa sababu maneno ya simu hupotea na haya sitaki yapotee. Mimi ni mzima. Mke wangu Namuar ni mzima. Binti yangu Asekon, ambaye kijana wako Majok anamposa, ni mzima ila ameninunia. Gari langu nalo ni zima kabisa, na hapo ndipo ninapotaka tuelewane.

Kwa kuwa mguu wako ulikuzuia kuja Lodwar siku ya kutambulishana, najua umesimuliwa mambo na hao hao waliokosa adabu. Acha nikusimulie mimi. Tulichinja mbuzi. Kaka yangu Etabo, ambaye ndiye msomaji wa matumbo katika ukoo wetu, aliyatandaza, akayatazama mpaka wageni wakaanza kumeza mate, kisha akasema njia ya kutoka kwetu hadi kwenu ni nyeupe, safari itafika, watoto waoane. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilifurahi kwa kweli, maana Asekon ni kifungua mimba wangu na nilikuwa na wasiwasi. Kwa furaha hiyo nikaliwasha gari ili nimtembeze ndugu yako Dut mjini.

Hapo kijana wako, na ufundi wake wa magari, akainuka. Akachukua kitambaa cheupe cha meza, alichokidarizi Namuar kwa ajili yenu, akaenda nyuma ya gari na kukishika mbele ya bomba la ekzosi. Akarudi nacho mbele ya wazee kikiwa na doa la oili, akakitandaza kando ya matumbo ya mbuzi na kusema, "Mzee Etabo amesoma njia. Mimi nimesoma gari. Hii gari inakunywa oili kuliko dizeli. Kama injini haifunguliwi, Kakuma haifiki tena."

Mzee, wewe ni mtu wa ng'ombe na mimi ni mtu wa ng'ombe. Unaweza kuingia boma la mtu unayemwomba binti, ukainua mkia wa dume analolipenda mbele ya mke na watoto wake, ukatangaza kwamba linaharisha? Malalamiko yangu ni haya.

1. Rangi ya moshi. Majok aliwahutubia wageni wangu kama yuko darasani. Moshi mweusi, alisema, ni dizeli nyingi au hewa kidogo. Mweupe wa asubuhi, unaopotea injini ikipata moto, usikusumbue. Wa buluu ni oili inayoungua. Sikatai kwamba buluu ipo. Lakini gari langu hutoa zote tatu: mweupe alfajiri, mweusi likipanda mlima na mzigo wa samaki, buluu nikikanyaga mafuta baada ya mteremko. Magari mapya ya maofisi hapa Lodwar hayawezi kutoa hata moja, na hakuna anayeyaita magonjwa.

2. Oili. Ni kweli huwa naongeza oili kabla ya kuondoka Lodwar, na nikifika Kakuma, na njiani tukipumzika. Majok alipitisha mkono chini ya injini, ukatoka mkavu. Nilidhani atanipongeza kwa usafi. Badala yake akaniuliza kwa sauti, "Kama haimwagi, mzee, inaenda wapi?" Sasa mgeni akija kwako, akanywa chai yote bila kumwaga hata tone, utamwita mgonjwa?

3. Alifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma. Pakatoka mvuke kama kwenye birika, akawaita wazee waje waone. Dut akaweka kiganja pale, akatikisa kichwa, na mtu huyo hajawahi kumiliki hata baiskeli. Majok akaeleza kwamba ringi za pistoni zimelika, kwa hiyo nguvu inatorokea chini na oili inapanda juu kuungua. Mimi nasema kitu cha mtu kinachochemka hakifunuliwi bila ruhusa.

4. Filta ya hewa. Hili liliniuma kuliko yote. Zamani gari lilikuwa na moshi mweusi mbaya, kwa sababu filta ilijaa mchanga wa njia ya Longech, kule ziwani, kila nilipokwenda kuchukua samaki. Nikafikiri, nikaiondoa kabisa. Moshi mweusi ukapungua siku hiyo hiyo! Wenzangu wa samaki walinisifu, na wengine wakaniiga. Namuar akaitia filta nyasi, na kuku wake anaatamia humo kwa raha. Majok aliposikia haya alishika kichwa kwa mikono miwili. Akasema tangu siku ile nimekuwa nikilisha injini mchanga, na mchanga ndio uliokula ringi. Mzee, sisi sote huku tunakula mchanga. Upepo ukivuma tunautafuna pamoja na ugali, na meno yetu bado tunayo.

5. Hakutaja faida hata moja. Moshi wangu hufukuza nzi kwenye samaki. Nyachuol, mteja wangu mkubwa pale Kakuma, hahitaji kupigiwa simu. Akiona wingu upande wa Lodwar anaanza kuosha beseni. Siku moja wachungaji waliliona kwa mbali wakamshukuru Mungu wakidhani ni mvua. Hiyo ilikuwa bahati mbaya, nakiri, lakini walifurahi kwa muda.

6. Hili la mwisho ndilo zito, kaa vizuri. Etabo alisoma matumbo akaona safari itafika. Majok alisoma kitambaa akaona haitafika. Basi kama Majok yuko sawa, Etabo amekosea. Na kama Etabo amekosea kuhusu njia, amekosea kuhusu ndoa pia, maana mbuzi alikuwa yule yule. Kwa hiyo kijana anayempenda binti yangu kikweli angetamani kwa moyo wake wote awe amekosea. Badala yake anang'ang'ania kwamba yuko sawa! Nilimweleza Asekon jambo hili taratibu. Aliondoka kabla sijamaliza.

Kutokana na hayo, ninaomba yafuatayo. Majok asimame mbele ya gari langu, alisalimie, na atangaze mbele ya watu kwamba ni zima. Asilikaribie na spana mpaka harusi ipite. Na katika ng'ombe wa mahari liongezwe dume jeupe, la kufuta aibu, kwa sababu kitambaa kilikuwa cheupe.

Kesho naondoka na gari hili hili, samaki nyuma na Asekon kando yangu, nikuletee barua hii mkononi. Nikifika na Majok asipoyafuta maneno yake, posa imevunjika na binti yangu nitarudi naye nyumbani. Nimesema, na mimi si mtu wa kurudi nyuma.

Msalimie Dut, mwambie nimemsamehe kile kiganja. Msalimie Nyachuol na akina mama wote wa soko. Wasalimie wote wa boma lako, wakubwa kwa wadogo, isipokuwa mmoja unayemjua.

Ni mimi, niliyeumizwa lakini mwenye adabu,
Lokaale Adome

Tanbihi: Naongeza haya nikiwa kando ya barabara, chini ya mti wa miiba usio na kivuli. Gari lilikohoa, likatoa moshi wa rangi ambayo hata Majok hakuitaja, likanyamaza. Asekon alipiga simu moja tu, na Majok akaja na lori la rafiki yake pamoja na kamba ya kuvutia. Ringi mpya ziko tayari gereji. Alizinunua baada ya siku ile ya kitambaa, kwa kuwa alijua nitasafiri tu. Hakunicheka. Aliniamkia, akanipa maji ya kunywa, halafu akalisalimia gari bila kuambiwa na mtu. Hapo nilishindwa, Mzee. Siku ile alikuwa na kila sababu ya kunidanganya, na hakunidanganya. Sioni atakavyomdanganya Asekon.

Nilimpigia Etabo kumwambia matumbo yamesema uongo. Amenijibu kwamba yeye aliulizwa habari za njia, habari za gari hakuulizwa na mtu. Na kweli, naona tutafika, ingawa kwa kuvutwa. Kwa hiyo malalamiko yote nimeyafuta, la kwanza hadi la mwisho. Lakini lile dume jeupe lije, nimeshalizoea. Majok atie na filta mpya, maana ya zamani bado ina mayai.

Kuhusu kitambaa, Namuar amekifua kwa kila sabuni iliyoko Lodwar na doa halitoki. Ameamua kitatandikwa hivyo hivyo siku ya harusi, na doa liwekwe mbele ya Majok, alisome akila.