Kinyozi wa Kondele na Sura ya Saa Sita

Jumatatu, 9 Juni 2025

Ajabu! Saa tatu asubuhi, sina mteja hata mmoja. Nikafungua Kurasa, ile programu ya katuni inayosomwa na mtaa mzima wa Kondele, nirudie sura ya jana. Nikakuta ya leo! Tangazo lao linasema wazi: sura mpya kila siku saa 6. Wote hungoja saa sita mchana. Mimi nimeisoma kabla chai haijapoa. Injini ya boti ya Kapteni Atis, shujaa wa katuni, inawaka moto katikati ya ziwa.

Mzee Mathenge, muuza vipuri, alipokaa kitini nikamwambia kwa sauti nzito kwamba naona injini, naona moshi. Ilipofika saa sita akafungua simu yake. Akanitazama kana kwamba nimeota pembe.

Nikachukua ufagio, nikafagia nywele.

Jumanne, 10 Juni

Nimeamka na swali: kwa nini? Saa moja asubuhi nikaweka simu yangu kwenye saa za Tokyo. Labda sura itakuja mapema zaidi? Haikuja. Programu ikaandika kwamba zimebaki saa –4. Kutoa nne! Itatoka kabla ya sasa? Nikairudisha simu Kenya. Saa tatu kamili, sura ikafunguka. Basi kosa si la simu. Ni lao.

Nimetabiri dhoruba. Vichwa kumi na moja leo! Walter, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, alishinda mlangoni akijipepea kwa gazeti.

Jumatano, 11 Juni

Akello, msichana anayesoma kompyuta chuo cha Maseno, amekuja kupunguza nywele. Nikamwuliza kwa kuzunguka, kama ninayemwulizia rafiki. Akacheka. Anasema mtambo wa Kurasa unahesabu saa za Greenwich, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Saa sita yao ya asubuhi hapa ni saa tisa kwa hesabu ya Kizungu, yaani saa tatu yetu. Aliyeandika tangazo aliinakili ile sita ya mtambo vilevile, akasahau kwamba Mswahili akisoma saa sita anafikiria chakula cha mchana.

Uzuri ulioje! Kosa dogo namna hiyo, na mji mzima unangoja bure.

Akaniuliza, "Sasa Ondiek, umewaandikia?"

Nikasema nitaandika leo leo. Akasema kama nina kazi nyingi atanisaidia. Nikamwambia asijisumbue.

Sikuandika.

Alhamisi, 12 Juni

Walter amevuka barabara! Mbele ya wateja wangu akasema mimi ni mwongo wa kawaida. Damu ikanichemka. Nikatangaza kwamba kesho, sura ya mwisho, nitaeleza mwisho wote saa nne asubuhi. Nikikosea hata kidogo, nitakaa kwenye kiti cha Walter aninyoe masharubu. Masharubu haya nimeyafuga tangu 2009. Mke wangu hajawahi kuuona mdomo wangu wa juu.

Walter akasema, "Sawa, baba. Nitachemsha maji."

Ijumaa, 13 Juni

Saa tatu. Imefungwa. Saa tatu na nusu. Imefungwa! Juu ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi nyekundu: "Tumerekebisha kosa la saa. Sura sasa hutoka saa sita mchana kama tulivyotangaza. Asante kwa msomaji wetu Ondiek, kinyozi wa Kondele, aliyeligundua." Akello! Amewaandikia kwa jina langu!

Na kila mwenye simu ameliona.

Saa nne walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Nikafumba macho, nikasema Kapteni Atis anazama. Saa sita Kapteni Atis akafika ufukweni salama, akachaguliwa mwenyekiti wa wavuvi.

Kiti cha Walter ni laini kuliko changu. Maji yalikuwa ya moto kiasi. Akaninyoa polepole, kwa upole uliozidi. "Omera, ndugu yangu, kaa tu, usitikisike." Mzee Mathenge akapiga picha. Nyumbani mke wangu alisema kumbe ninafanana na mama yangu.

Jumamosi, 14 Juni

Mdomo unasikia baridi. Nimeapa kutogusa Kurasa tena.

Nimeifungua kidogo tu, nifute jina langu. Lakini hii ni nini? Tarehe yangu ya kuzaliwa niliandika 3 Septemba, wao wameweka 2. Siku moja imekwenda wapi? Nikajaribu 15 Juni. Ikaandika 14. Yaani leo! Mara maua yakajaa kioo: heri ya kuzaliwa, Ondiek, pokea zawadi yako, sura zote za wiki ijayo za katuni mpya.

Sura saba!

Akello amepiga simu kuomba radhi. Akauliza kama nimeona kosa lingine lolote. Nikamwambia hakuna, programu iko sawa kabisa.

Kisha nimevuka barabara kumwuliza Walter anazipenda ndevu zake kiasi gani.