Mashina Mawili, Mwili Mmoja

Jumatatu, 1 Machi 1993
Mwezi wa pili wa ndoa! Nikisikia kengele ya baiskeli ya Kasmir wangu, moyo unaruka. Ila tunalala chumba cha nyuma kwa mama mkwe, ukuta mmoja na kuku. Leo mama katangaza: mkwe atakayepeleka boga kubwa zaidi misa ya mavuno, mumewe atapewa kiwanja cha Kizwite. Nyumba yetu wenyewe! Tunashindana wawili, mimi na Bertilla, mke wa shemeji. Yeye kapanda mbegu za bibi yake. Zangu nilizipanda wiki ya harusi, za kutoka Zambia, za dukani Mazwi, pakiti ina picha!

Alhamisi, 4 Machi
Ajabu! Shina moja limekuwa bapa, pana kama mkanda wa Kasmir. Ni mawili yaliyoungana kuwa mwili mmoja, kama sisi! Nililia. Mama mkwe akasema hiyo ni kasoro, nilikate, nibakize lile jembamba lenye kiboga tayari. Nikate ndoa? Nimekata lile jembamba. Lilikuwa linawaingilia wale wanandoa wangu.

Jumanne, 16 Machi
Nimeomba samadi kwa Mayunga, Msukuma mwenye ng'ombe. Akaniambia, mwanangu, ukizidisha utavuna majani. Uchoyo! Nimemwaga matoroli matatu. Bertilla kapita, akauliza kama nimepanda maboga au nimeanika mikanda. Moyoni nilimjibu kirefu.

Alhamisi, 15 Aprili
Shina pana kama kiganja. Maua yote dume! Mama mkwe anachuma majani kila jioni, anasema angalau mboga haitupungui. Siku ya tisa sasa tunakula hayo hayo. Kasmir anasema ni matamu. Mume gani huyu, jamani! Alisema huku anamtazama jogoo.

Jumapili, 9 Mei
Dhuluma! Boga la Bertilla limebebwa na wanaume wawili. Langu, moja tu lililotoka mwishoni, nililipeleka kwa mkono mmoja. Padre akauliza, kwa upole kabisa, kama ni tango. Kiwanja kimekwenda kwa shemeji, kanisa zima likipiga vigelegele. Kasmir alinishika mkono, akasema chumba cha nyuma kina joto zuri. Nikalia tena.

Nimekipasua kiboga: mbegu nne. Nimezificha kwenye bahasha ya barua za uchumba za Kasmir. Kosa nimeliona. Samadi ilikuwa kidogo, na lile shina jembamba nilichelewa kulikata.