Ombi la Kulaza Konkasere Badala ya Wafanyakazi Wake

Kolwezi, tarehe 20 Novemba

Tata Mkurugenzi wa Wafanyakazi,

Pokeeni heshima zangu. Mimi ni Polycarpe Mukalay, mwaka wa tisa sasa kwenye konkasere, ile mashine ya kuvunja mawe. Masikio yangu yanapiga filimbi kutwa nzima, hata kanisani. Sisi kumi na mmoja tuliomba kaske za kufunika masikio. Ninyi mkatuletea Mama Fidélie, mtaalamu wa hypnose, atulaze kwa maneno mpaka tuzoee mlio. Tunashukuru sana. Ila nina malalamiko.

1. Mama Fidélie ana sauti ya upole mno, hatumsikii. Tunafumba macho tukiona mwenzetu Kisimba amefumba, na Kisimba huwa anasinzia tangu anapoingia.

2. Alituandikia ubaoni tuufikirie mlio kama maji ya mto pale Nzilo yanavyoporomoka. Tukatii. Sasa Stany anakwenda chooni kila robo saa, na msimamizi anamwandika mtoro.

3. Tumepewa vyeti vya kupona. Nilipokwenda depo kuomba kaske, Tata Lucien anayetunza vifaa aliniandikia kwenye karatasi: « Mulishapona, kaske ni ya nini tena? » Akafunga dirisha.

4. Hili linaniuma kweli. Binti yangu Jémima akinisimulia mambo ya shule, mimi naitikia kwa kichwa tu. Juzi nikaitikia hivyohivyo, kumbe alikuwa ananiuliza kama nimemkasirikia. Alilia, na kilio chake pia sikukisikia.

Kwa hiyo naomba: kama maneno laini yanatuliza sikio, Mama Fidélie apelekwe kwenye konkasere yenyewe, ailaze. Mashine ikikaidi, awalaze wakuu wa kampuni waone kaske zimeshanunuliwa, ingawa wenzangu wanasema usingizi huo mnao tayari. Yote yakishindikana, arudishwe Lubumbashi alikotoka. Kwetu hafai kitu.

Nisalimieni mama wa nyumbani, katibu wenu Wivine, na yeyote atakayewasomea barua hii kwa sauti.

Mfanyakazi wenu mtiifu,
Polycarpe Mukalay

N.B. Alhamisi, barua ikiwa tayari mfukoni, Mama Fidélie alisogeza kiti chake, akaniongelesha karibu kabisa na sikio. Filimbi ikaenda mbali. Kwa dakika kama kumi nikasikia mvua juu ya mabati, nikalia mbele ya wenzangu wote. Tafadhali, msimwondoe. Kisha saa ikafika, tukarudishwa kwenye konkasere bila kaske.