Vyombo vya Safari vya Mtu Asiyesafiri

Jumapili, 6 Juni 1909

Leo nimeipenda taa. Naandika bila aibu kwa kuwa Mwaisha, mke wangu, hajui kusoma.

Taa ni ya Bwana Majani, Mjerumani aliyeshuka jana kwenye gari moshi na mizigo kumi na mmoja. Jina lake halisi halitamkiki. Kazi yake ni kuchuma majani na kuyabana kwenye karatasi, basi mji mzima umekwisha kumbatiza. Jumamosi anapanda milima ya Uluguru mpaka Lukwangule, kwenye nyasi za juu kabisa. Aliniita kambini kwake kando ya mto nimshonee hema, maana fundi wa turubai hapa Morogoro ni mimi. Nimeshona kidogo sana. Macho yalikuwa kwenye kandili yake. Ndogo, ya shaba, na inakunjwa! Unabonyeza, pande zote nne zinalala, unaitia mfukoni. Nimeikunja na kuikunjua mpaka mpishi wake akauliza kama nimekuja kushona au kucheza.

Nyumbani nimevitoa vyombo vyangu vyote nivitazame. Kitanda cha safari, mguu mmoja nimeuchonga mwenyewe kwa mti wa mpera. Kiti cha kukunja. Chupa mbili za maji zilizovikwa blanketi. Sufuria nne zinazoingiana. Ndoo ya turubai, inavuja. Chandarua cheupe. Dira, ambayo sindano yake huelekea kwa jirani siku zote. Na hema langu, la vipande tisa. Kila hema ninaloshona linaniachia kipande kidogo, na wenyewe hawajui. Wakiona miguu inatoka nje, nadhani wanajiona wameongezeka urefu.

Sijawahi kulala nje hata siku moja. Huko juu kuna baridi, na chui. Lakini nikifumba macho nauona mlima. Hema langu liko juu ya mawingu, maji yanachemka, Morogoro yote iko chini imefunikwa na ukungu, nami nimekaa kwenye kiti changu sina neno na mtu. Nimekaa hivyo leo mpaka ugali ukapoa.

Jumatatu, 7 Juni

Nimeipata! Bwana Majani alipotaka kunilipa nilimwambia sitaki malipo, nataka kandili. Alicheka, akanipa. Ana nyingine mbili. Mtu ana tatu halafu analala usingizi kama kawaida, mimi simwelewi.

Kisha akanishangaza. Amesema anahitaji mtu wa kutunza mahema safarini, siku kumi na nne, kwa nini nisiende mimi? Moyo ulinipasuka kwa furaha. Lukwangule! Nikasema nitafikiri. Nilipofika njiani nikakumbuka: nikienda, nani atalinda vyombo vyangu? Kuna Maneno.

Maneno ni mpagazi, Mnyamwezi, amekaa mji huu miaka sita sasa. Ni mtani wangu. Kwa ajili ya utani huo anaingia kwangu bila hodi, anashika chochote, anasema ni chake, nami sina ruhusa ya kukasirika, ila kukikomboa kwa kuku. Mwaka jana alichukua kofia yangu nikiwa nimeivaa. Naye ni mgonjwa wa vyombo kama mimi. Ana kandili tatu, zote za kawaida. Hii ya kukunja hajaiona, wala hataiona.

Jumanne, 8 Juni

Ameiona. Alikuja asubuhi kuomba moto, akakuta ninaikunja. Alitabasamu tu, akaenda zake akausahau hata moto aliokuja kuuomba. Sijapenda.

Jambo zito zaidi lilikuja mchana. Mwaisha amesema kaka yake, Mikidadi, analeta mahindi ya mavuno Ijumaa baada ya swala. Mahindi yanataka nafasi. Chini ya kitanda kuna vyombo vyangu, darini kuna hema, pembeni kuna sufuria. Nikamwambia tutajibana. Akaacha kupepeta, akanitazama.

"Bwana Ahmadi," akasema, "ama mahindi yalale ndani, ama makopo yako. Mimi najua ninachokula."

Si maneno ya kupuuza. Nyumba ni yake na shamba ni la ukoo wa mama yake, kama ilivyo kwetu Waluguru. Mimi ni mkwe tu. Mikidadi akikuta mahindi hayana pa kulala, atanirudisha Mkuyuni kwa mama yangu na sindano yangu mkononi, na hakuna mzee atakayenitetea. Nimeogopa kweli. Nampenda Mwaisha. Sijui kulala nyumba ambayo hasikiki akimsema mtu.

Vyombo navyo navipenda.

Jumatano, 9 Juni

Shauri limepatikana, na ni zuri kiasi kwamba nimelicheka peke yangu. Vyombo vinataka nyumba? Hema ni nyumba! Nimelisimamisha uani, nyuma ya jiko, nikavipanga vyote humo. Ndani ya nyumba kumebaki kweupe. Mahindi yatapata nafasi, vyombo vitapata nafasi, na mimi nitabaki na mke. Hata serikali ya Wajerumani isingepanga vizuri zaidi.

Hema limesimama upande kidogo, vipande viwili havikubaliani. Lakini jua la alasiri lilipopita kwenye turubai, ndani kukawa na rangi ya asali. Nimekaa humo nikisikia kuku nje, nikajiambia ni ndege wa mlimani.

Nimemwonyesha Mwaisha. Sikuvitoa chini ya kitanda vikombe viwili vya bati na mfuko wa vigingi, lakini hivyo ni vidogo. Amelizunguka hema mara moja, akauliza kuku watalala wapi sasa. Nikasema nitafikiri. Hakugombana. Jioni nimemwona akitoka kwa Maneno. Alisema alikwenda kuazima ungo, ila hakurudi na ungo. Labda nao hawana.

Alhamisi, 10 Juni

Naandika nikiwa nimelowa.

Asubuhi palikuwa na jua zuri, la baridi. Nikatoa kitanda nje ya hema nikijaribu, nikalala chali, mikono kifuani kwa sababu kitanda ni chembamba. Nzi walisumbua, nikajifunika chandarua mpaka usoni. Nikafumba macho. Mlima ukaja wenyewe. Nilipita msitu wa ukungu, nikatoka juu kwenye nyasi, mawingu yakanipita magotini. Nikasikia kilio mbali. Nikadhani ni upepo wa Lukwangule.

Kumbe ni Mwaisha. Kitanda kilikuwa kinatembea! Maneno ameshika mbele, wapagazi wenzake watatu wameshika kwingine, na majirani wamejaa uani. Maneno alikuwa akitangaza kwamba fundi Ahmadi ametutoka, alikuwa mtu mwema ila mnyimivu. Nikapiga kelele kwamba mimi ni mzima.

"Maiti wa Kiluguru ndivyo walivyo," Maneno akawaambia watu. "Wabishi mpaka kaburini."

Msiba ukitokea, watani ndio wenye kazi. Wanaosha, wanabeba, na wanachukua watakacho katika vitu vya marehemu. Nani wa kuwazuia? Wakaniosha. Maji ya mtoni, mwezi wa Juni, kwa ndoo yangu mwenyewe. Ndoo inayovuja siku zote, leo haikuvuja hata tone. Nilitaka kukasirika, lakini mtu akimkasirikia mtani hulipa mbuzi, na mbuzi sina. Nikacheka. Kilikuwa kicheko kibaya sana.

Kisha wakagawana. Kiti, sufuria, chupa, dira. Hema likaanguka kwa kuvutwa kamba moja tu. Maneno akanipapasa mfukoni akaitoa kandili, akaikunja, akaikunjua, akafumba macho kidogo. Namjua mtu anayefumba macho namna ile. Mwaisha alikuwa mlangoni, kanga kichwani, akilia kama mjane aliyezoea, huku mkono ukielekeza ndani: chini ya kitanda pia kuna vikombe, wasisahau vigingi.

Alilia vizuri mno. Sasa najua habari ya ungo.

Ijumaa, 11 Juni

Mahindi yamefika. Nilimwamkia Mikidadi kwa adabu zote. Akakagua chini ya kitanda, akakagua darini, akasema shemeji amekuwa mtu sasa. Akala, akaenda zake. Hakuna aliyetaja Mkuyuni. Nimeshusha pumzi niliyoishika tangu Jumanne.

Baadaye nilimuuliza Mwaisha kwa nini amenifanyia vile. Alikuwa anamenya hindi, hakuinua uso.

"Kaka alitaka nitoe vyombo na mwenyewe pamoja," akasema. "Nikamwambia mwenyewe sitoi."

Nikakaa karibu naye nikamenya mahindi mpaka vidole vikauma. Nikaapa moyoni kwamba nimeacha. Vyombo basi. Mtu mwenye mke kama huyu anataka kandili ya nini?

Alasiri nilikwenda kwa Maneno kumwambia hivyo, na kuuliza tu, kwa kuuliza, kandili inakombolewa kwa kitu gani. Amesema kwa jogoo, lakini si sasa. Kesho anapanda na Bwana Majani, amepata kazi ya mzigo, na vyombo anavichukua ili visioze. Mpishi alikuwepo. Akasema ile nafasi ya kutunza mahema bado iko wazi, Bwana ananiulizia.

Mwaisha amesema niende. Siku kumi na nne si nyingi, na pengine mlima utanitoka kichwani. Atanifungia maandazi.

Jumamosi, 12 Juni

Sikwenda.

Nilifika mpaka kambini, maandazi mkononi. Mizigo imefungwa, wapagazi wamejipanga. Maneno amevaa chupa zangu zote mbili, moja kila upande. Kiti changu kiko mgongoni kwake. Nikajitazama mimi: maandazi. Niende Lukwangule na maandazi? Nikalale kwenye hema la mtu, nimulikiwe na taa ya mtu, nikae chini kama mbuzi huku kiti changu kimekaliwa na Mnyamwezi? Nikamwambia Bwana Majani mgongo unauma. Nilibaki barabarani mpaka wa mwisho wao akapotea migombani. Maandazi nimeyala peke yangu, nikikaribia kulia.

Jua lilipozama nilikaa uani, mahali hema lilipokuwa. Mlima ulikuwa wa bluu, kisha mweusi. Halafu huko juu, kwenye bega lake, pakawaka nuru ndogo ya njano. Moja. Ikazimika, ikawaka tena, ikazimika. Mtu anaikunja na kuikunjua.

Ni yangu! Taa yangu imefika mahali ambapo mimi sijafika. Mwaisha alikuja akasimama nyuma yangu, akaniwekea mkono begani. Akauliza kama sasa nimepona. Nikamjibu nimepona kabisa, na wakati nasema nilikuwa naamini.

Ila taa ile ni ndogo mno kuonekana vizuri kwa macho matupu, na kesho watakuwa mbali zaidi. Mgiriki mmoja wa reli ana darubini. Ya shaba. Nayo hukunjwa, inaingia ndani yake yenyewe mara tatu! Nasikia ataitoa kwa kuku wawili. Mwaisha ana kuku tisa na wanatembea ovyo. Darubini ikikunjwa haizidi urefu wa hindi, na sasa hivi nyumba hii ina mahindi mengi sana ya kuifichia.