Upande Mweupe wa Bendera

Kwa Bwana Shauri,
Boma la Mbulu.

Daudi, 24 Januari 1949

Bwana Mheshimiwa,

Shikamoo. Mimi ni Nicodemo, mkulima wa kijiji cha Daudi, mtu mpole, na sijawahi kukusumbua ila mara ile ya nyuki. Leo nimeshindwa kunyamaza, kwani nyumba yangu inavunjika kwa ajili ya kitambaa.

Kitambaa chenyewe ni bendera ya yule Mzungu mstaafu tunayemwita Bwana Kofia, anayekaa kilimani kati ya Tlawi na Daudi. Ameitundika barazani iwe pambo: nusu kaniki nyeusi, nusu amerikani nyeupe, kazi ya fundi Halfani. Anasema ni bendera ya askari wa msalaba wa zamani, waliokuwa maskini hata wakapanda farasi mmoja watu wawili. Umaskini wao haunihusu. Ninacholalamikia ni kwamba weusi unatazama Tlawi, na weupe unatutazama sisi! Kila mtoto wa huku anajua kuwa mvua huombwa kwa kondoo mweusi. Nani aliwahi kuiomba kwa mweupe?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangu bendera itundikwe mwanzoni mwa Desemba, mvua inakwenda Tlawi. Kwetu ikifika, imechoka.

2. Shemeji yangu Hermani wa Tlawi, maharage yake yametoa maua. Juzi kaniletea boga ambalo sikumwomba, akanipa pole ya jua mbele za watu. Boga nililila, lakini kwa uchungu.

3. Mke wangu Kornelia, dada wa huyo Hermani, amekwenda kumsaidia kaka yake kupalilia, kwa kuwa hapa, asema, hakuna cha kupalilia. Leo siku ya tisa. Jembe kachukua. Bwana, nyumba imepoa, na uji ninaopika hata mbwa anaunusa na kuondoka. Nampenda mke wangu, wala sioni aibu kuiandikia serikali hivyo.

4. Nilimwomba Bwana Kofia kwa adabu aigeuze. Alicheka hadi kofia ikaanguka.

Kwa hiyo naomba uamuru bendera igeuzwe kila Jumatatu: wiki yao, wiki yetu. Likishindikana hilo, ishonwe nyingine nyeusi tupu, upana wa Daudi nzima. Na hilo nalo likishindikana, aje askari mmoja wa msalaba na farasi wake amrudishe Kornelia, maana nafasi ya mtu wa pili ipo.

Nisalimie mama wa hapo Bomani, makarani, matarishi, na yule anayefungua barua.

Ni mimi, mwenye heshima na kiu,
Nicodemo wa Daudi

Baada ya sahihi: Madoa utakayoyaona si machozi, paa langu linavuja tangu asubuhi. Kornelia kapita kuchukua kikapu, akaniamuru nimsomee barua hii yote. Akaniuliza mbona mahindi ya jirani yetu Gidamis, mfugaji aliyeshika jembe mwaka jana tu, yanafika kiunoni, naye yuko Daudi hii hii. Kisha akatikisa kibuyu cha mbegu, akakikuta kimejaa. Ni kweli, Bwana, sikupanda. Nilikuwa nangoja bendera igeuzwe kwanza. Amesema atarudi siku kibuyu kitakapokuwa kitupu. Basi shauri hili lilale kidogo, nipande. Ila jembe liko Tlawi, na njia ya kulifuata inapita mbele ya baraza la Bwana Kofia.